Kidoti cha Mwanamke wa Kabichi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, tarehe sita Novemba, mwanamke aliyechorwa kwenye bango la ghala la mboga la mji wa Hamhung alikuwa na kidoti chini ya jicho la kushoto. Ryom Chae-sun alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, akaivaa tena. Kidoti kilikuwa palepale. Bango hilo alilibuni yeye, na hakuwa amechora kidoti chochote.

Kila kitu kingine kilikuwa sawa. Mashavu ya duara, kitambaa cha kichwani cha rangi ya kahawia, kabichi kubwa imekumbatiwa kama mtoto mchanga, na juu yake herufi nyekundu: KABICHI YA MAJIRA YA BARIDI IFIKE KILA JIKO! Chini ya bango, wanawake wenye mabeseni walikuwa kwenye foleni wakisubiri mgao wa kabichi ya kuchachusha kwa pilipili iwe kimchi ya majira ya baridi.

"Huyu si yule kiongozi wa kikundi cha tatu?" mmoja aliuliza.

"Wa kikundi cha tatu kidoti chake kiko kidevuni. Halafu yule hana meno ya mbele."

"Basi ni shemeji yake."

"Shemeji yake namjua. Hajawahi kubeba kabichi maishani mwake, anabeba umbea."

Walicheka, wakasogea hatua moja mbele. Ryom alitembea haraka kuelekea studio ya mkoa.

Mabango ya mkoa hayakupigwa chapa. Studio ilichora moja, lililoitwa bango mama, likazungushwa kwa treni katika wilaya kumi na mbili. Mnakili wa kila wilaya alipima picha kwa miraba, akainakili mmoja mmoja kwa mkono, kisha akalipeleka bango mama kwa jirani. Juu ya meza ya kila mnakili palibandikwa kanuni moja: Usiongeze, usipunguze.

Bango mama lilikuwa limerudi jana yake. Ryom alilifungua dirishani, akalitazama kwa upande ili mwanga uteleze juu ya karatasi. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na tone la rangi ya kahawia, limekauka na kuinuka kidogo. Ilikuwa rangi ya kitambaa cha kichwani. Brashi yake ilidondosha akiwa anamalizia, na hakuona.

Kisha akapanga mezani picha za kamera ambazo wilaya zilituma kuthibitisha kazi. Kidoti kilikuwepo katika ya kwanza, na katika ya pili. Kilikuwepo katika kumi na moja. Ya kumi na mbili, kutoka wilaya ya mlimani iliyokuwa mwisho wa njia, haikuwa nacho.

Ok Tu-man, mkuu wa studio, aliingia akipuliza vidole kwa baridi. Ryom alimwonyesha tone, kisha picha. Ok alikaa chini.

"Dada, umeniua."

"Bado."

"Ndugu Pyon wa kamati ya tathmini anafika saa tatu. Akiuliza, huyu ni mwanamke halisi wa shamba halisi. Ana kidoti. Umemchora kutoka maishani."

"Nimemchora kutoka kichwani. Ni tone."

"Ni tone tukisema ni tone."

Ryom alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na mwisho wa Desemba angestaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi zake zote ziliingia kabatini kwa jina la kikundi cha wachoraji. Hili lilikuwa la kwanza kuandikwa jina lake. Likipita, lingehifadhiwa kwenye droo ya mabango mama ya mkoa. Lisipopita, wangelipaka chokaa mgongoni na kuchora jingine juu yake, kwa kuwa karatasi nzito ilikuwa adimu.

Saa tatu kamili Pyon alifika, mzee mwembamba mwenye miwani minene. Pamoja naye aliingia Tak Un-sop, mnakili wa wilaya ya mlimani, aliyeshuka na treni ileile kufuata rangi, nakala yake ikiwa imeviringishwa kwapani ili ikaguliwe.

Pyon alilitazama bango mama kwa muda mrefu.

"Mwaka huu nimekagua nyuso arobaini," alisema. "Zote kama sahani tupu. Huyu ni mtu. Mtu akikuuzia samaki mbovu sokoni utamkumbuka kwa kidoti chake."

Ok alitabasamu mpaka masikioni. Pyon akapita kwenye picha moja baada ya nyingine, akasimama kwenye ya kumi na mbili.

"Na huyu nani kamfanyia upasuaji?"

"Mimi, Ndugu Pyon," alisema Tak. Masikio yalimwiva.

"Kanuni yako inasemaje?"

"Usiongeze, usipunguze."

"Umepunguza."

"Nilidhani... nilidhani ni tone la rangi."

"Ulidhani!" Ok alidakia. "Jumamosi, kwenye kikao cha kujikosoa, utasimama mbele ya wenzako, uwaeleze jinsi ulivyodhani."

Tak aliinamisha kichwa. Ryom alitazama bango mama, kisha mikono ya Tak, ambayo kucha zake zilikuwa na rangi isiyotoka.

"Ndugu Tak hajakosea," alisema. "Ni tone. Brashi yangu."

Ok alifumba macho. Pyon alilisogeza bango dirishani, akaligusa tone kwa ukucha, akahisi kuwa limeinuka. Akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, akanywa nusu kikombe. Ryom alihesabu miraba ya dirisha. Ilikuwa kumi na sita.

"Lilidondoka hapa au njiani?"

"Hapa. Wilaya ya kwanza imelinakili."

"Nani alilikagua lilipoondoka?"

Pyon alinyoosha mkono, na Ok akamletea daftari la kupokea na kutuma, taratibu, kama mtu anayebeba supu iliyojaa. Pyon akasoma kwa sauti:

"Tarehe kumi na moja Oktoba. Bango moja. Limekaguliwa, halina dosari. Ok Tu-man." Akainua macho. "Ndugu Mkuu, hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Lina dosari au halina? Kama linayo, Jumamosi utasimama wewe, na wilaya kumi na moja zipake upya wakati kila mtu yuko kwenye kabichi."

Ok alilitazama tone kwa umakini ambao hakuwa ameutumia Oktoba.

"Halina dosari, Ndugu Pyon."

"Basi hicho ni kidoti." Alimgeukia Tak. "Wewe una jicho zuri kuliko wenzako wote kumi na moja. Lakini nani alikwambia utumie jicho? Kalirekebishe lako."

Akagonga muhuri nyuma ya karatasi. Ok aliandika jina la Ryom Chae-sun kwenye orodha ya droo, kwa wino, herufi kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mchana Ryom na Tak walikula mkate wa mahindi na kimchi ya mwaka uliopita, iliyokuwa chachu kabisa na nzuri. Tak alikula mara mbili.

"Mwalimu, kidoti nikiweke mimi?"

"Nitakiweka mimi. Nina mazoezi."

Alichanganya kahawia ileile. Saa kumi na dakika kumi alasiri Tak alihesabu miraba: wa saba kutoka kushoto, wa nne kutoka juu. Ryom aligusisha ncha ya brashi mara moja, akainua mkono. Tak akaandika kwenye daftari: "Kimeongezwa kidoti kimoja, kulingana na bango mama." Wote wawili wakasaini.