Mkaguzi wa Dawati la Nyuma

Bomba lilikohoa mara mbili gizani, likanyamaza, kisha likaanza kutema maji ndani ya ndoo, tak, tak, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Mtaani kwetu maji huja kabla ya alfajiri na huondoka bila kuaga, kwa hiyo mimi hulala nimeshatega ndoo. Niliamka. Mwanangu aligeuka, akavuta shuka lote upande wake, akaendelea kulala.

Ndoo ikijaa, niliwasha tochi ya simu nikaimulika ile fomu iliyokuwa mezani. Siku ya nne hiyo naimulika, kana kwamba wino ungebadilika wenyewe usiku. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenipa nafasi. Chini ya barua kulikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza: Nitajiunga mwaka huu. Cha pili: Naomba kuahirisha kwa mwaka mmoja. Mwisho wa kuirudisha ulikuwa Ijumaa saa sita mchana, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kwenye kisanduku cha pili nilikuwa nimeweka alama ya penseli, nyepesi, kama ya mtu anayebisha hodi huku akiomba asisikike.

Sababu ilikuwa moja, ina miaka sita na mapengo mawili mdomoni. Chuo ni cha bweni, mwendo wa saa tatu kwa basi. Unaingia Jumatatu, unatoka Ijumaa. Na mwezi huohuo mwanangu alikuwa anaanza darasa la kwanza. Baba yake alikwenda mbali kutafuta kazi, akapata kazi na mke kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo hatumsumbui. Mama yangu hayupo duniani. Aliyebaki ni shangazi, anayekaa vituo viwili kutoka kwetu, ambaye mwanangu anamwita bibi.

Siku barua ilipofika niliisoma kwa sauti, nimesimama. Mtoto alikuwa kwa jirani. Chumba hakikusema hongera. Nikaisoma tena polepole, labda hakikusikia. Kisha nikakaa nikamenya viazi.

Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa kukunja. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnalivuta mpaka linyooke, mnasogeleana kama watu wanaotaka kupeana siri, mmoja anakabidhi pembe zake na kuinama kuokota mkunjo. Mashuka mia tatu kwa zamu. Mwenzangu ni mama wa makamo tunayemwita Bi Pembe, kwa sababu pembe zisipokutana sawasawa analifungua lote upya, hata kama msimamizi amesimama pale anatazama saa.

“Umetia wino?” aliniuliza asubuhi hiyo.

“Penseli.”

“Penseli ni ya seremala. Kisanduku gani?”

Nilimsogelea nikampa pembe zangu.

“Cha kungoja,” alisema. “Nilijua tu. Tangu umeingia unalivuta shuka kama limekutukania mama.”

“Ni mwaka mmoja, Bi Pembe.”

“Ndiyo. Na mimi nilikubaliwa kusomea ukunga, nikaomba mwaka mmoja tu, mama anaumwa mguu. Mwaka wangu huo sasa una miaka ishirini na miwili. Mtu mzima. Siku yoyote mwaka huo utaniletea mkwe.”

Wasichana wa pasi walicheka. Yeye hakucheka. Alizitazama pembe, akalifungua lile shuka, tukaanza upya.

Saa nne shangazi alipiga simu. Nilisimama nyuma ya mashine za kukaushia, kidole kimoja sikioni.

“Chuo hakina miguu, mwanangu, hakikimbii,” alisema. “Lakini mtoto anaanza shule mara moja tu. Mimi kumlaza nitamlaza, kumlisha nitamlisha, sikatai, na kitanda kipo. Ila akilia usiku atamlilia nani?”

“Si upo wewe, shangazi.”

“Mimi nasikia kwa sikio moja, na hilohilo ndilo ninalolilalia.”

“Kwa hiyo unasema ningoje.”

“Sijasema ungoje. Usiniwekee maneno mdomoni, meno yenyewe yamebaki machache. Mtoto ni wako, uamuzi ni wako.”

Kila niliyempelekea uamuzi huo alinirudishia mwenyewe, umekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

Nilipotoka kazini nilimchukua mtoto kwa jirani, na saa kumi na mbili ikatukuta nyumbani. Saa hiyo bado sijaizoea. Kwa miaka minne ilikuwa na kazi yake. Shule ya msingi ya mtaani kwetu, watoto wakiondoka, tunaingia sisi wa masomo ya jioni: muuza mitumba, dereva wa lori, mlinzi aliyekuja na rungu lake, na mimi niliyeacha shule kidato cha pili tumbo likinitangulia. Tulibanana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na kidevu. Wa kumwachia mwanangu saa hizo za jioni sikuwa naye, nikawa naenda naye. Nilimtandikia dawati la mwisho shuka la hospitali lililochanika, ambalo Bi Pembe alilikata nusu akalipinda vizuri. Siku ya kwanza mwalimu alimtazama, akatutazama sisi, akasema, “Kaeni vizuri, leo tumeletewa mkaguzi.” Maana mkaguzi wa shule hukaa nyuma, hasemi kitu, na huwezi kujua kama amelala. Jina likamganda. Hata mlinzi, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alikuwa akiingia anamsalimu, “Shikamoo Mkaguzi,” naye anaitikia, “Marahaba,” bila aibu.

Mtihani ulipoisha tulitawanyika. Dereva wa lori alitutumia picha ya ua kwenye simu, ikawa basi. Sasa saa kumi na mbili ikifika nakaa ukingoni mwa kitanda na mikono yangu, sijui niishikishe nini.

Jioni hiyo niliishikisha sindano. Nilikaza vifungo vya sare ya Mkaguzi, kisha nikachukua mkoba wake mpya nione kama madaftari yataingia. Ulikuwa umeshajaa. Ndani kulikuwa na lile shuka la dawati la nyuma, limekunjwa pembe kwa pembe. Nusu pakiti ya biskuti iliyofungwa kwa mpira. Kalamu mbili za rangi, ya bluu na ya kahawia. Na kikombe changu cha chai.

“Mkaguzi, hivi vitu ni vya nini?”

“Vyako.”

“Vyangu vya kufanyia nini?”

“Vya kungojea,” alisema, akinishangaa. “Mimi nikiwa nasoma. Utakaa nyuma. Ukisinzia, lala tu. Nikimaliza nitakuamsha.”

Niliweka sindano chini. Mtoto huyu hajawahi kuona shule nyingine. Aliyoijua ni ile: mmoja anasoma, mwingine analetwa na shuka lake, anangoja.

“Biskuti usile zote siku ya kwanza,” aliongeza. “Zinaisha, halafu mwalimu bado anaongea.”

“Wewe ulipokuwa unaningoja, ulikuwa unafanya nini?”

“Nahesabu migongo. Wako wa tatu. Unafanya hivi.” Akainamia meza, bega moja juu, mkono wa kushoto ukikuna shingo. Sikuwahi kujua kwamba nakuna shingo.

“Ulikuwa unachoka?”

“Kidogo. Ulikuwa hugeuki.”

“Kabisa?”

Alifikiri kwa haki, kama mtu anayetoa ushahidi. “Uligeuka siku ulipodondosha rula.” Kisha, huenda kwa sababu ya uso wangu, akanishika goti. “Lakini mimi nitageuka. Nitakuwa nageuka kila mara nikuone.”

Nilitoa kikombe mkobani nikakirudisha mezani, karibu na fomu. Nilitaka kusema jambo la maana na sikulipata, nikasema la kweli.

“Shule yako haina mtu wa nyuma, mwanangu. Mzazi anakufikisha getini, unaingia.”

“Halafu yeye?”

“Anaondoka.”

“Anakwenda wapi?”

Jirani alikuwa anakoroga kitu kwa mwiko, nikasikia hadi anavyougonga ukingoni mwa sufuria. Nilimtazama mwanangu, nikaitazama alama ya penseli. Mwaka mzima nilikuwa nimeuomba, na sasa nilipoulizwa nitakaa wapi ndani yake, sikuona hata dawati. Niliona geti tu, na mimi nje yake, na saa kumi na mbili za jioni mia tatu na kitu zikinisubiri kitandani.

“Nipe ufutio wako,” nilisema.

“Bado mpya.”

“Nitatumia kona.”

Aliutoa kwa shingo upande. Nilifuta, nikapuliza uchafu, nikachukua kalamu ya wino. Nilikitazama kisanduku cha kwanza mpaka kikawa kama dirisha la nyumba ya mtu, kisha nikaweka alama. Hakuna kilicholia wala kilichocheka. Mwiko wa jirani uligonga sufuria mara moja zaidi.

Nikampakata, ingawa miguu yake sasa inafika chini, nikamweleza. Na mimi nina shule. Iko mbali, siwezi kwenda na kurudi. Nitalala huko, na yeye atalala kwa bibi, na Ijumaa nitakuja kumchukua getini, kila Ijumaa.

“Siku ngapi za kulala?”

“Nne.”

Alizihesabu vidoleni. Alipofika kwenye kidole cha nne alikishika kwa muda mrefu, kama anapima urefu wake. Sikumharakisha. Midomo yake ilianza kupinda, ikajizuia.

“Bibi anakoroma,” alisema.

“Anakoroma, ndiyo.”

“Na huko nyuma yako atakaa nani?”

“Hakuna.”

“Hata mlinzi?”

“Hata mlinzi.”

“Utaogopa?”

“Kidogo,” nilisema. “Lakini nitakuwa nageuka.”

Hakucheka. Aliteremka mapajani mwangu, akaenda kwenye mkoba, akavuta lile shuka. Mkunjo ulifunguka mikononi mwake. Akanyoosha mkono wa pili, mimi nikashika pembe za upande wangu, tukalivuta katikati ya chumba mpaka likanyooka. Tukasogeleana. Nikampa pembe zangu, nikainama nikaokota mkunjo, tukarudia mpaka likawa dogo kama daftari. Nilijua kesho ningeirudisha fomu, na Jumatatu ya kwenda chuo ningebeba nguo zangu tu, lakini mikono yangu haikutaka kuliachia.

Alilivuta taratibu kutoka vidoleni mwangu, akalikumbatia kifuani.

“Basi shuka nipe mimi, nitalala nalo kwa bibi.”