Matundu Mawili ya Kaseti

"Ile kaseti mama iko?" Nabintu aliuliza kabla hata ya kuketi. "Kesho tunamuzika muzee. Nataka batu bacheke naye mara ya mwisho."

Sebahire aliweka bisibisi chini. Kibanda chake cha kutengeneza redio kilisimama juu ya mawe yaliyotapikwa na volkano ya Nyiragongo, hapo mtaa wa Mapendo, palipokuwa na barabara hadi wiki tatu zilizopita. Mawe yalikuwa bado na vuguvugu. Nyumba ya Nabintu ilikuwa chini ya mawe hayohayo pamoja na kaseti zake zote. Mumewe, muzee Mulumeoderhwa, aliyeivunja mbavu Goma nzima kwa nyimbo zake za kuchekesha, aliukimbia moto akarudi na kifua kibovu, na kifua hicho ndicho kilichomwondoa.

Kaseti mama ambayo muzee alimwachia Sebahire, ile ya kutolea nakala, ilikuwapo. Nyimbo ndizo hazikuwamo.

Mwaka ule waasi walipoingia, askari walipekua nyumba kwa nyumba, na wimbo mmoja wa muzee uliwacheka kwa kula mbuzi wa watu. Muzee alikuwa amevunja vile vijino viwili mgongoni mwa kaseti, mtu asiweze kurekodi juu yake. Sebahire, jasho likimtoka, aliziba matundu kwa karatasi ya gundi, akarekodi kwaya ya parokia pande zote mbili. Tangu hapo, kila muzee alipoulizia, alijibu, "Iko, papa." Njia ya mwongo ni fupi, yake ilichukua miaka minne, ikaishia mbele ya mjane.

"Mama, nilimufuta," alisema, machozi yakimlenga. "Niliogopa basoda. Nilitia kwaya juu yake."

"Na ule wimbo wangu wa maharagi?"

"Na ule pia."

Nabintu akaketi juu ya ndoo.

"Ule wimbo niliuchukia sana," alisema. "Ku soko yote bananiita Mama Moshi."

Akaanza kuuimba polepole, bila tabasamu, sauti ikikwaruza:

"Nabintu wangu akipika maharagi,
jirani banakuja na ndoo ya maji;
Nyiragongo nayo inauliza:
nani huyu ananishinda moshi?"

Kicheko kilimponyoka Sebahire, naye akaona haya, akaziba mdomo.

"Cheka," Nabintu alisema. "Njo kazi yake, kuchekesha. Ubeti wa pili nimesahau."

Sebahire hakuusahau. Alikuwa ametoa nakala za wimbo ule mara zisizohesabika; alijua hata mahali muzee alipokohoa. Akaunganisha nyaya kwenye betri ya gari, akaitia kaseti ileile redioni, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Anza tena, mama."

Nabintu aliimba wa kwanza. Sebahire aliimba wa pili, na alipofika mahali pa kukohoa, akakohoa. Nabintu akaangua kicheko mpaka akashika mbavu, mpaka akalia, na mkanda ukachukua vyote.

Ulipokwisha, Sebahire aliitoa kaseti. Kwa ukucha, taratibu, akabandua ile karatasi ya gundi hadi matundu mawili yakaachama, kama muzee alivyoyaacha.