Mkono Uliobaki Chini

Nimekohoa moshi wa mkaa miaka arobaini, kwa hiyo mpango wa majiko ya umeme niliukubali kabla haujafika. Shida ilikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Ndiye muuza mkaa wa mtaa, na ghala lake lilitakiwa livunjwe iwekwe transfoma.

Mikutano miwili ilivunjika. Majumbani kila mtu anautaka umeme. Mkutanoni shemeji ameketi mbele na kucha zake nyeusi, mikono ya watu wote imelala mapajani. Utamnyooshea vipi mkono mtu aliyekupandishia gunia ngazi tatu, mvua inanyesha, ili mwanao apate uji?

Mkutano wa tatu ulikuwa darasani, juu ya viti vya watoto, nusu ya makalio ikining'inia nje. Mhandisi, binti mpole, akasema:

"Leo tufumbe macho. Anayekubali anyooshe mkono. Nitahesabu peke yangu."

"Hata mimi nifumbe?" nikauliza.

"Hasa wewe, bibi."

Watu wakacheka. Nikafumba jicho moja.

Mikono ikaanza kupanda, ya woga kwanza, kisha msitu mzima. Wangu nao ulikuwa njiani, nikamkumbuka shemeji. Atasikiaje akiambiwa kwamba aliyekataa ni yeye tu? Nikaurudisha mkono, nikaukalia. Ndipo nikageuka nikamwona, hapo ubavuni kwangu: mkono umenyooka kuliko yote, macho kayabana kama mtoto anayemeza dawa chungu.

Hee! Nikitaka kuuchomoa wangu, umenasa.

"Wamekubali wote," mhandisi akasema, "kasoro mmoja."

Darasa zima likamtazama shemeji kwa huruma. Fundi cherehani, aliyekuwa na haraka ya umeme kutushinda wote, akasimama.

"Jamani, huyu mmoja tunamwachaje?"

"Iandikwe," akadakia mwenyekiti. "Ghala halivunjwi mpaka apewe chumba kingine, na majiko hayo mapya auze yeye."

Mhandisi akaandika, wakatia sahihi. Tungekubali wote, wallahi, tungepiga makofi tukaenda zetu kulala.

Shemeji akafungua mdomo aseme ukweli. Nikamkanyaga kidole gumba.

Njiani akawa anachechemea.

"Shemeji, mimi nilinyoosha."

"Najua."

"Umejuaje, nawe ulifumba macho?"

"Nilifumba la kushoto. Kwani ulinyooshea nini, mzee mzima, unajivunjia ghala mwenyewe?"

"Kikohozi chako nakisikia mpaka ghalani. Nimechoka kukuuzia." Akatembea kidogo, akasimama. "Sasa nani hakunyoosha?"

"Wewe. Mtaa mzima unajua."

Akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuzageuza. Alama za mbao za kile kiti zilikuwa bado zimejichora, mistari mitatu.

"Mkono ulikuwa unaona baridi," nikamwambia, nikauchomoa.