Bibi wa Mapaani

Ijumaa baada ya sala, Ami Bashir alitandaza mti wa ukoo kwenye meza ya sebuleni kwake, katika mji mpya wa Ghadames, ukingoni mwa jangwa, akaukandamiza pembeni kwa bilauri za chai usijikunje. Karibu utimie, na mwezi huo ungekwenda kwa mpiga chapa. Ulianzia kwa Hajj Yunis na kutawanyikia kwa wanawe, wajukuu na vitukuu, wanaume watupu. Wanawake hawaandikwi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, kama vile hakuna anayeuliza kwa nini chai hutiwa sukari.

Kidole chake kilipofika kwa Muftah, mwana mdogo wa Yunis, kilisita.

"Huyu mama yake alikimbia," aliwaambia wageni, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. "Mjakazi wa kutoka kusini. Mzee Yunis kufumba macho tu, akamwacha mtoto mchanga, akatoweka."

Mzee Abdulkadir, mwana wa Muftah, aliendelea kukoroga chai iliyokwisha kukorogeka. Maneno hayo aliyajua tangu utoto. Shuleni walimwita "wa yule aliyekimbia", na siku ya kuposa, wakweze waliulizana kama ugonjwa wa kukimbia hurithiwa. Sasa alikuwa na ugonjwa wa moyo, na daktari alimkataza chumvi na hasira. Chumvi aliiweza.

Njiani kurudi nyumbani alimwambia bintiye, "Wanisa, nataka kujua jambo moja kabla sijaenda. Alimwacha baba kwa kupenda kwake?"

Wanisa alikuwa mwalimu, na kutafuta alikujua. Alikwenda makaburini. Aliwauliza wazee kwenye mabaraza. Alizunguka mji wa kale na tochi, kichochoro kwa kichochoro, maana vichochoro vyote vimefunikwa na mchana kutwa mna giza, akabisha hodi kila mlango. Hakupata hata uvumi.

Kosa lake lilikuwa kosa la mtu aliyekulia mji mpya, ambako kila nyumba imejitenga na ukuta wake na paa ni la tangi la maji. Alisahau kwamba katika mji wa kale chini ni kwa wanaume. Wanawake walipita juu, kutoka paa hadi paa, mji mzima, bila kukanyaga ardhi, na mwanamume hakupanda huko hata nyumba ikiungua.

Kiangazi kilipokaza na umeme kukatika, watu walihamia kwenye nyumba za kale kufuata ubaridi, kama ilivyo kila mwaka. Ndipo jirani yao Bi Gazala alipomkuta Wanisa kichochoroni, baibui limejaa vumbi.

"We mwana, unachokora nini huku chini kama fundi bomba?"

"Namtafuta mama yake babu Muftah."

"Na mwanamke utamkutaje huku? Njoo, nilikuwa nampelekea mkate."

Wakapanda. Kwenye kivuli cha ukuta mweupe aliketi mwanamke akitoa kokwa za tende. Alikuwa kijana kuliko Wanisa, kwa kuwa huko juu hakupata nafasi ya kuzeeka. Wanisa alimwamkia yeye kwanza, kama inavyompasa kitukuu. Jina lake, alisema, ni Tabawa.

"Nilimzalia Yunis mtoto," Tabawa alisema, "na sheria wanaijua: mjakazi aliyemzalia bwana wake, bwana akifa, yeye ni huru. Wanawe wakubwa walikuwa wameisoma. Kesho ya kifo chake nikasikia msafara unapangwa, na mimi nimo kwenye mizigo ya kuuzwa. Nikapanda ngazi."

"Hawakukufuata?"

"Mwanamume apande mapaani? Angemtazama nani usoni tena? Wakasema nimekimbia. Ilikuwa rahisi."

"Na mtoto?"

Tabawa alisogeza mkeka. Chini yake palikuwa na tundu linaloingiza mwanga katika sebule ya nyumba ya kale ya kina Wanisa.

"Wake za wale wakubwa walinipandishia mtoto nikamnyonyesha. Nikamfunza kutembea hapa, na kunyamaza. Alipokua akakatazwa kupanda, nikabaki kumtazama. Nimemwona akisoma, nimemwona akioa. Nimemwona akizeeka hadi akanipita. Kunyamaza alikujua mno, maskini. Hata wanawe hakuwaambia."

Wanisa alilia, na hakuona haja ya kujificha.

"Mlijua nyote?" alimuuliza Bi Gazala.

"Mwanamume gani alituuliza?"

"Twende, bibi. Shuka."

"Siku watu wa Yunis watakaposema hadharani kwamba nilikuwa huru tangu siku ile, nitashuka. Nikishuka kabla, ninashuka kama mali."

Jioni hiyohiyo Wanisa alikwenda kwa Ami Bashir. Ami alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kama bibi ana afya na kama huko juu ana blanketi. Kisha akakuna shingo.

"Nikisema alikuwa huru, nimesema babu zangu waliiba mtu. Na mti umeshakwenda kwa mpiga chapa."

"Lakini yupo, Ami. Nimekaa naye."

"Nani kakataa? Mpe salamu zangu."

Siku ya pili alasiri Mzee Abdulkadir aliongozwa hadi kwenye sebule ya kale, akaketi chini ya tundu. Katika miaka yake yote hakuwahi kumwita mtu neno hili. Akalisafishia koo.

"Bibi."

"Nani huyo?"

"Abdulkadir wa Muftah."

"Nakujua. Ulianguka kwenye ngazi hiyo ukavunja jino, nami niko hapa sina la kufanya. Mbona umekonda hivyo?"

"Daktari kanikataza chumvi."

"Huyo daktari ana mama?"

Mzee alicheka hadi akapangusa macho. Alikuwa amekuja na swali lake, amelikariri njia nzima, akaona halina kazi tena. Kitu kilichomkaa kifuani tangu shuleni kilitoka. Kutoka juu kikateremka kikapu chenye mkate na tende. Akala vyote.

Kiangazi kilikwisha, familia zikarudi mji mpya. Mzee Abdulkadir alikataa kuondoka. Alinunua jiko la gesi na godoro, akalala usingizi ambao Wanisa hakukumbuka kuwahi kumwona nao.

Ami Bashir akaja kumbembeleza. "Rudi, binamu. Watu wananisema, wanadhani nimekutupa."

"Wewe sema yale maneno, nitarudi leo hii. Nitarudi na yeye."

Ami Bashir alisogea katikati ya sebule. Akainua uso kwenye tundu, akavua kofia, akatoa salamu kwa adabu zote. Akajibiwa kwa adabu vilevile. Kisha akavaa kofia yake, akaomba radhi kwamba amechelewa mahali, akashika njia kichochoroni.

"Ameondoka?" Tabawa aliuliza.

"Ameondoka."

"Kayasema?"

"Hakuyasema."

Kamba ililia ukingoni mwa tundu, kikapu kikaanza kuteremka.

"Basi kula," alisema. "Mimi nipo."