Sauti ya Nne Upande wa Kulia

Alhamisi asubuhi Nzisa alivaa viatu vyake vya kanisani, akazifunga hedifoni za mumewe kwenye leso, akatia simu kubwa mkobani, akaanza safari ya kutoka Matiliku kwenda Malili. Jirani yake Kasyoka alimwona langoni akamwuliza kama ni harusi au ni msiba.

"Ni duka," Nzisa akajibu. "Na nisipopata ninachotaka, wenye duka watanijua mimi ni nani."

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na miwili, na akisema hivyo, watu wa Matiliku walikuwa wakimpisha njia.

Sasa, ili uelewe kilichomtoa nyumbani akiwa amekunja uso hivyo, lazima umjue mumewe. Mwalimu Kaloki alikuwa ameifundisha kwaya ya kanisa lao kwa miaka ishirini na saba. Nyimbo alizitunga mwenyewe na kuziandika kwa solfa, zile herufi za d, r, m zinazosimama badala ya noti, kwenye madaftari ya shule: sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa mwandiko ulionyooka. Sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, hakuiandika hata siku moja. Aiandike ya nini? Alikuwa akiiimba yeye, na wanaume wengine wanamfuata kwa masikio. "Sauti ya nne ni mimi," alikuwa akisema, akijigonga kifua. Jamani, kiburi cha mwanamume aliyejaliwa sauti! Wala si yeye peke yake mwenye makosa, maana katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwambia, Mwalimu, hebu chukua kalamu.

Mwezi wa pili kiharusi kikamwangusha akiwa anapalilia ndengu. Mkono wa kulia ukalala. Maneno yakamtoka, yasirudi. Akitaka maji, anasema "ya, ya, ya," na akitaka kwenda chooni ni hiyo hiyo "ya, ya, ya."

Kwaya nayo ilikuwa imeandikishwa kuimba Kitui, kwenye tamasha la makanisa, na wimbo wenyewe ni "Umenichimbia Kisima", wa mwisho alioutunga Kaloki na mtamu kuliko yote, ambao wanaume walikuwa bado hawajafundishwa. Sauti tatu zilikuwa daftarini. Ya nne ilikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya ile simu. Kaloki na mwanawe Kyule walikuwa wameurekodi wimbo na wanakwaya wachache kabla ya ugonjwa, kwa mtindo ambao Kaloki aliupenda. Kinanda na sauti tatu aliviweka upande wa kushoto, na yeye peke yake akakaa upande wa kulia. Anayejifunza huvaa hedifoni, akaondoa kikombe kimoja sikioni, na kubaki na sauti anayoitaka.

Basi cheza kwa simu, utasema. Nzisa alicheza, tena mara nyingi. Spika ya simu ilichanganya kila kitu pamoja, kinanda kikammeza Kaloki, ukabaki kusikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima. Na hedifoni zilikuwa za waya, na simu hiyo aliyoileta Kyule, pana kuliko kitabu cha nyimbo, haikuwa na tundu la kuchomeka waya wa hedifoni. Tundu ilikuwa nalo moja tu, la chaji, nalo lilikuwa limelegea hadi simu haikubali kuchaji bila kuegemezwa kwenye sufuria.

Jumapili iliyopita Munyao, mwenyekiti wa kwaya, alikuja na wanakwaya wawili kumwona mgonjwa. Wakaomba, wakanywa chai. Kisha Munyao akasema, Kaloki akiwa ameketi pale pale mbele yake, "Mama Kyule, tukubali tu. Mwalimu alishaenda, umebaki mwili. Jumamosi mazoezini kama hakuna sauti ya nne, tunachukua wimbo mwingine, ule wa vijana."

Nzisa alimtazama mumewe. Kaloki alikuwa ameinamisha kichwa, na chozi moja lilikuwa linamshuka upande ule wa uso uliokuwa bado mzima.

"Jumamosi mtapata sauti ya nne," Nzisa akasema. "Malizeni chai muende."

Kyule, alipopigiwa simu, ndiye aliyemwambia kuna kidude kinaitwa adapta ya Bluetooth, kidogo kama kiberiti. Unachomeka hedifoni kwake, nacho kinaongea na simu bila waya. "Lakini hakikisha ni stereo, mwaitu," akamsisitizia mama yake. "Kushoto kuwe kushoto, kulia kuwe kulia."

Hayo ndiyo aliyokwenda nayo Malili.

Duka lilikuwa kando ya barabara kuu ya Mombasa, na mwenyewe alikuwa Wangechi, mama wa makamo mwenye miwani, aliyehamia hapo miaka mingi iliyopita na kujua kuuza hata kwa Kikamba. Alimkaribisha Nzisa vizuri, akasikiliza, akatoa kidude cha kwanza.

"Hii ndiyo watu wananunua, mama. Inaenda kama maji."

Nzisa hakugusa pesa. Alifungua leso, akachomeka hedifoni, akamwambia Wangechi aiunganishe na simu, kisha akaucheza wimbo. Akaondoa kikombe cha kushoto. Sikio la kulia likamletea kinanda, wanawake, na ule mngurumo wa lori.

"Si hii."

"Mama, si inaimba?"

"Inaimba, lakini imewachanganya. Mimi nataka upande wa kulia abaki mzee wangu peke yake."

Wangechi aliivaa mwenyewe, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akashusha miwani. Ni kweli, akasema, hiyo imetengenezewa watu wa kupiga simu, inaleta sauti ile ile kote. Akatoa ya pili, na kwenye boksi iliandikwa stereo kwa herufi kubwa za dhahabu.

Nzisa akajaribu. Kinanda, wanawake, lori.

"Hii imeandikwa uongo," akasema.

"Aki mama, mimi nauza tu, siandiki maboksi!"

"Basi iondoe mezani, usije ukamuuzia mwingine."

Wangechi akacheka bila kutaka. Hata hivyo hakukata tamaa, maana muuzaji ni muuzaji. "Chukua hizi ndogo za kutia masikioni, hazina waya kabisa. Zina stereo safi. Vijana wote wako nazo."

"Mzee wangu uso umelegea upande mmoja. Hivyo vitamdondoka kama mbegu. Hedifoni zake zinamshika kichwa vizuri, na amezizoea."

"Kwani atakayesikiliza ni mzee?"

Nzisa alizigeuza hedifoni mikononi. Alikuwa amepanga kusikiliza yeye, aandike solfa, amfundishe Muli, kijana aliyekuwa akisimama karibu na Kaloki kwenye kwaya. Kumsikilizisha Kaloki lilikuwa jambo alilosema tu kwa sababu hedifoni ni zake. Lakini sasa lilikuwa limeshatoka mdomoni.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye na mimi."

Ya tatu ikaunganishwa. Nzisa akaondoa kikombe cha kushoto, na duka zima likanyamaza ndani ya kichwa chake. Kaloki aliimba peke yake, sauti imejaa, karibu hata akamsikia mumewe akivuta pumzi kabla ya ubeti. Miezi minne hakuwa amemsikia. Alishika kaunta kwa mikono miwili, akalia waziwazi mbele ya wateja, wala hakujifuta.

Wangechi alimletea kiti. "Basi tumepata," akasema polepole.

"Bado," Nzisa akasema, akipenga kamasi kwa leso. "Simu hii haiingii mfukoni. Nikiwa nafundisha itabaki mezani, mimi natembea. Ngoja nione."

Akaiacha simu kwenye kaunta, akatoka na hedifoni kichwani na kidude kifuani, hatua moja, mbili, hadi hatua ya sita. Nje ya mlango Kaloki akaanza kukatikakatika. Nzisa akarudi, akakiweka kidude mezani. Wangechi akashika kiuno.

"Mama, wewe ni kiboko! Leo duka lote utalimaliza."

"Kwani iko nyingine?"

Ilikuwepo, ya mwisho, juu kabisa, ina vumbi, na kibanio cha kushikia nguo. Haikuwa inauzika kwa sababu ilikuwa ghali kidogo na si nzuri kwa macho. Nzisa akaibana kwenye sweta, akatoka dukani, akavuka uwanja wa vumbi hadi ukingo wa lami, malori ya Mombasa yakimpita yakipiga honi. Pale wahudumu wa kituo cha petroli cha jirani wakamwona mama mfupi amesimama wima, hedifoni kichwani, anaongoza kwaya isiyoonekana kwa kidole kimoja. Kushoto kulikuwa kushoto. Kulia kulikuwa Kaloki, hakukatika hata mara moja.

Akarudi, akalipa bila kuomba apunguziwe. Wangechi, naye macho mekundu kidogo, akakifuta kidude vumbi na kumwandikia namba yake ya simu kwenye boksi.

Usiku ule na Ijumaa nzima Nzisa aliandika. Hakuwa fundi wa solfa kama mumewe, lakini alikuwa ameimba sauti ya pili tangu ujana na noti alizijua. Alisikiliza mstari, akarudisha, akaandika, akafuta. Jioni ya Ijumaa ukurasa ulikuwa umejaa, na alipouimba kwa sauti yake nyembamba ulikubaliana na zile tatu, isipokuwa mahali pamoja kwenye ubeti wa pili. Hapo palikwaruza. Alirudia mara kumi, na kila mara Kaloki wa kwenye simu aliimba hivyo hivyo.

Akamtazama Kaloki wa kwenye kiti, aliyekuwa anatazama ukuta.

Miezi minne alikuwa amemlisha, amemwosha, amemgeuza kitandani. Lakini kumwuliza jambo, la maana, la kazi yake, hakuwa amemwuliza hata mara moja. Alimkasirikia Munyao kwa kusema umebaki mwili, na yeye mwenyewe nyumbani alikuwa akiishi na mwili. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Baba Kyule," akasema, akipiga magoti mbele ya kiti. "Nisamehe. Hebu sikiliza hapa, uniambie kama nimekosea."

Akamvika hedifoni, akamwekea karatasi mapajani na penseli kwenye mkono wa kushoto. Wimbo ukaanza. Mwanzoni Kaloki hakufanya kitu. Kisha penseli ikaanza kupiga mapigo kwenye goti, moja, mbili, tatu, nne, bila kuchelewa. Macho yakashuka kwenye karatasi, yakatembea mstari kwa mstari. Wimbo ulipofika ubeti wa pili, pale pale palipokwaruza, alikunja uso kwa hasira kama alivyokuwa akikunja mtu akipotea mazoezini.

"Ya, ya, ya!" akasema, na penseli ikashuka. Mkono ule haukuwa wa kuandika, lakini uliikata ile "d" na kuandika juu yake "m" iliyopinda.

Nzisa akaimba na "m". Ikakaa sawa kabisa.

"Aiya! Kumbe ulikosea siku ya kurekodi!" akapaza sauti. "Wewe! Mwalimu mzima!"

Na Kaloki, kwa upande wa mdomo uliokuwa ukimtii, akacheka.

Jumamosi saa nane kwaya ilikuta kiti cha Mwalimu kimewekwa mbele ya wanaume. Kaloki alikuwa amekaa humo, amevaa tai, hedifoni shingoni. Munyao alimsalimia Nzisa kwa sauti ya chini akamwuliza kama ni vizuri kumchosha mgonjwa hivyo.

"Mwulize mwenyewe," Nzisa akasema. "Yupo hapo."

Munyao akarudi mahali pake. Nzisa akaiweka simu kwenye mimbari, akamvika Muli zile hedifoni na kumbana kile kidude shatini, akamwelekeza aondoe upande wa kushoto, naye akazunguka kwa wanaume wengine na ukurasa wake. Waliimba kwa saa nzima, mstari baada ya mstari. Muli alikuwa na sikio zuri. Alipofika kwenye ile "m" akasimama, akasema lakini Mwalimu kwenye simu anaimba "d". Kaloki akatikisa kichwa kwa nguvu, akanyoosha kidole cha kushoto kwenye karatasi. Wanaume wakatazamana. Muli akasema, "Sawa, Mwalimu."

Kisha wakaimba wote, sauti nne, tangu mwanzo hadi mwisho. Kanisa la mabati lilitetemeka. Walipomaliza, wanawake walikuwa wanajifuta macho, na Munyao alianza kupiga makofi.

Sasa kila aliyewahi kuimba chini ya Kaloki anajua jambo moja. Wimbo ukiwa haujamridhisha, hakuwa akieleza wala kugomba. Alikuwa anagonga benchi kwa pete yake ya ndoa mara mbili, na hapo mnaurudia wote, hata kama mna njaa, hata kama giza linaingia.

Pete ilikuwa mkono wa kushoto. Kaloki aliuinua, akamtazama Munyao hadi makofi yakaisha, kisha akagonga mbao ya kiti: ko, ko.

Munyao alishusha mikono. Akafungua daftari lake ukurasa wa kwanza.

"Tumesikia, Mwalimu," akasema. "Tunarudia."