Hukumu ya Bi Utuvu Aliyesimama

Katika nchi ya Kaakitako, taadhima ya mtu ilikuwa kiti chake. Mwashi, mkulima na tarishi walishinda wakienda na kurudi, miili yao ikakakamaa, nao wakahesabiwa wanyonge. Karani, kadhi na mshika muhuri waliketi tangu alfajiri hadi magharibi, sambusa na chai ya maziwa zikiwafuata mezani, wakanenepa, na unene wao ukasifiwa kuwa neema ya cheo. Magoti yalipouma na pumzi ilipowakatika, walisema ni uzito wa madaraka. Hakuna aliyekishuku kiti, kwani mazoea yana taabu, na afisa aliyeinuka kazini alihesabiwa kuwa ameidhalilisha dola.

Bi Utuvu, mshika muhuri, alikuwa na haya nyingi na moyo laini. Siku moja tarishi wake, Mzee Hima, alifika akitetemeka kwa homa. Bi Utuvu alimlaza mkekani, akazichukua barua, akazipeleka mwenyewe kwa miguu. Alipumzika mara nne ngazini. Lakini usiku ule alilala usingizi ambao hakuujua kwa miaka tisa. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa, hata magoti yakaacha kumlalamikia, naye akamshukuru Mungu kwa kila hatua.

Mwezi ulipotimia akashtakiwa kwa kuinuka kazini. Akipatikana na hatia, angevuliwa muhuri, na mama yake mgonjwa hakuwa na mlezi mwingine.

“Binti yangu, ni kweli ulisimama?” aliuliza Kadhi Uzani.

“Kweli, Mheshimiwa. Siku ya kwanza nilisimamishwa na huruma. Siku zilizofuata, niwie radhi, nilipenda.”

Mwendesha mashtaka, Bwana Shibe, akafoka kitini: “Leo anabeba barua, kesho atabeba zege!”

“Kijiko hakijakuchosha, Bwana Shibe,” alisema Mzee Hima, aliyekuja kutoa ushahidi, “ndiyo barua ikutishe?”

Baraza likaangua kicheko. Kadhi akagonga meza. Sheria ya kale iliamuru hukumu ya kumvua mtu cheo isomwe na kadhi akiwa amesimama, naye hakuwa amesoma hukumu ya namna hiyo kwa miaka kumi na miwili. Akashika meza, akajiinua, akaanguka kitini. Akajaribu tena, machozi yakamlengalenga. Makarani walimtazama kwa uchungu, na hakuna aliyeweza kuinuka.

Bi Utuvu akatoka kizimbani.

“Nishike, baba. Usione haya, hata mimi nilianza hivi.”

Mzee Hima akashika mkono wa pili. Kadhi akasimama, na kupitia dirishani akaiona bustani ambayo kwa miaka yote hiyo aliisikia harufu yake tu.

“Soma hukumu, Mheshimiwa!” alihimiza Bwana Shibe.

“Nitamhukumuje mtu,” alisema Kadhi polepole, “kwa kosa ninalolitenda mimi mwenyewe sasa hivi, tena kwa furaha?” Akaubana mkono wa Bi Utuvu. “Ahsante, mwanangu. Ahsante sana. Usiniachie kwanza, nifikishe mlangoni.”