Saa Isiyogeuzwa

Mwanvua alikuwa amezuia pumzi. Mshale wa dakika, mwembamba kama mwiba wa dagaa, ulining'inia kwenye ncha ya kibano chake, ukitafuta tundu la katikati ya saa ya mteja mmoja wa Buzebazeba. Nyuma yake kaka yake Sumaili alikuwa akipima ukuta kwa futi.

"Kabati la makava ya simu litakaa hapa bila kusumbua mtu," alisema Sumaili.

"Litanisumbua mimi."

"Wewe utakuwa pale pembeni, karibu na feni. Utapata na upepo."

Mshale uliingia. Mwanvua akashusha pumzi na kuondoa kioo cha kukuzia jichoni. Makubaliano walikwisha kuyafanya. Mzee Gasper, mwenye maboti ya dagaa kule Ilagala, alikuwa ameondoka na saa mpya ya Mwanvua aijaribu kwa wiki moja. Akibaki nayo, chumba kizima kitaendelea kuwa cha saa. Akiirudisha, nusu yake inakuwa duka la simu. Wiki ilikuwa inaisha leo.

Juu ya mlango bado yalisomeka maandishi ya marehemu baba yao: FERUZI NA BINTI, SAA ZA HESHIMA, UJIJI. Mzee Feruzi hakutaka kutengeneza saa za watu tu. Alitaka saa zake mwenyewe ziwe na jina, kama zile za Uswisi ambazo tajiri akizivaa hukunja mkono wa shati hata kwenye baridi. Alianza na mkanda wa ngozi ya kenge. Mkanda ulikuwa imara, ila mbwa wa Ujiji nzima walimfuata aliyeuvaa. Kisha akagundua kulainisha mashine kwa mawese yaliyochujwa mara nyingi. Saa zilitembea vizuri mpaka ulipofika mwezi wa sita, mawese yakaanza kuganda alfajiri, na saa zikasimama hadi jua lilipopanda. Watu wakasema saa ya Feruzi inalala na mwenyewe na kuamka na mwenyewe. Yeye alilichukua hilo kama sifa.

Ugunduzi wa Mwanvua ulikuwa wa tarakimu. Tangu utoto alikuwa akishangaa: mshale uko kwenye moja, mtu anasema saa saba, uko kwenye nne, anasema saa kumi. Watu wote wanageuza kichwani, wala hawajui kuwa wanageuza. Basi akachora uso wa saa upya, sita juu, kumi na mbili chini, ili mdomo na jicho viseme kitu kimoja. Akaufunika kwa kioo kisafi, akautia kwenye kasha linalong'aa. Alipomvalisha Mzee Gasper alimwambia neno moja: "Mzee, hii haigeuzwi. Unachokiona ndicho."

Bodaboda ilisimama nje. Mzee Gasper akashuka, saa ikiwa mkononi, lakini si pale inapovaliwa. Alikuwa ameishika kwa vidole viwili.

"Shikamoo, Mzee Gasper," walisema ndugu wawili kwa pamoja.

"Marahaba. Binti Feruzi, hiki ulichonivalisha ni saa au ni jini?"

Sumaili alifungua futi yake taratibu.

"Imesimama?" Mwanvua aliuliza.

"Ingesimama ningeshukuru! Jana wakwe zangu wamekuja kwa ndege, wale wazazi wa kijana anayemtaka binti yangu. Walinitumia picha ya tiketi. Imeandikwa kumi, sufuri sufuri. Nilitaka kugeuza, niseme saa nne asubuhi. Nikakumbuka maneno yako. Ulisema nini hapa?"

"Nilisema haigeuzwi."

"Sikugeuza! Saa kumi juu ya alama nimefika uwanjani na suti na maua. Hakuna ndege. Nikangoja mpaka askari wa getini akaniuliza kama nimekuja kununua uwanja."

"Na wakwe?"

"Mke wangu Veneranda aliwafuata asubuhi kwa bajaji. Walikuwa wameshakula, wameshalala, wameshaamka."

"Sasa mama hakukupigia?"

Mzee Gasper alitazama viatu vyake. "Simu niliizima. Mtu amevaa saa ya namna hii, atachungulia simu ya nini?"

Mwanvua aliona aibu na fahari vikimpanda kwa pamoja, akashindwa kujua aanze na ipi.

"Basi mzee ameirudisha," alisema Sumaili.

"Nani amerudisha?" Mzee Gasper aligeuka. "Mkwe wangu Nikodemu, baba wa kijana, kila akimeza tonge ananiuliza, 'Mkwe, ndege imefika?' Nikivua saa hii atasema nimeshindwa. Nataka itengenezwe, harusi inifikie nayo mkononi."

Akainua macho kwenye saa ya ukutani, ile ya kawaida. "Saa tatu! Bado mapema, nitapitia Gungu."

Mshale mfupi ulikuwa kwenye tatu; ilikuwa saa tisa alasiri. Sumaili alichungulia jua, akamtazama dada yake. Wote wawili walielewa: kichwa cha mzee kilikuwa kimekwisha kuacha kugeuza, na hakirudi tena.

Alipoondoka, Mwanvua alifungua kasha, akatoa uso wa saa na kuuweka chini ya kioo. Pembeni zitabaki tarakimu za mdomo, kubwa na nyeusi. Ndani yake ataongeza duara la tarakimu ndogo nyekundu, kwa ajili ya tiketi. Akachovya brashi yenye nywele chache, akaanza.

"Mtu akirudisha kitu, amerudisha," Sumaili alisema.

"Ameleta matengenezo. Gari likienda gereji limerudishwa dukani?"

Sumaili alifikiri, futi ikining'inia. "Saa ngapi sasa?"

"Unauliza kwa mdomo au kwa tiketi?"

Sumaili alicheka bila kutaka, akaikunja futi na kuitia mfukoni. Ilipofika jioni, mwanga wa nje ulikuwa unafifia. Tarakimu nyekundu sita zilikuwa zimekaa, bado mbichi, na kuongeza ya saba kwa mwanga huo kungeziharibu zote. Mwanvua aliosha brashi, akaufunika uso wa saa kwa glasi ya chai ili vumbi lisiuguse.

"Usiguse hapo," alimwambia kaka yake. "Kesho naanzia saba."

"Saba ipi?"